Nani Atawasimulia Watu wa Garsen Vita Vyao?

Mhadhara wa historia ya vita katika makumbusho una sura yake iliyozoeleka. Msemaji husimama mbele ya ramani yenye mishale, hutaja siku ya pambano, majina ya makamanda na vikosi walivyoongoza, kisha huonyesha bunduki au nishani iliyotolewa kabatini, na mwisho hujibu maswali matatu manne kabla watu hawajatawanyika. Hivyo ndivyo ifanywavyo katika National Army Museum ya London, na hivyo ndivyo, kwa kiasi kikubwa, wageni wanaozuru Taita wanavyosimuliwa mapigano ya Salaita ya Februari 1916. Sura hiyo ina manufaa yake, lakini ina sharti lisilosemwa: inataka vita viwe na uwanja, viwe na siku, viwe na pande mbili zenye sare. Ukiishusha Tana River, haikai. Vita vya huko vilipiganwa vijijini, kambini, kwenye vivuko na ndani ya maandishi ya sheria, na wengi waliokufa hawakuwa askari. Hoja ya makala haya ni kwamba vita hivyo, pamoja na kutofanana kwake, vina uzi mmoja, nao ni mto wenyewe. Mara baada ya mara, wenye nguvu wameuchukua Mto Tana uliokuwa njia wakaufanya mpaka, na watu wakafa kwa sababu ya swali la nani avuke, nani asivuke. Mhadhara unaoistahili Garsen, mji ulio kando ya mto huo, ni ule utakaoufuata uzi huo hadharani, mbele ya wajukuu wa pande zote.

Tuanze na mto kabla ya mistari. Mpokomo hulima ukingoni, akiyafuata maji ya mafuriko yanapopungua, akipanda mpunga, mahindi na ndizi chini ya miembe. Mworma huchunga ng'ombe mbali na mto wakati wa mvua, na kiangazi kikikaza huwarudisha mtoni kupitia malka, yaani njia za mifugo zinazopita katikati ya mashamba hadi kwenye maji. Maisha ya namna mbili yanakutana mahali pamoja katika msimu mmoja, kwa hiyo yalihitaji maafikiano: malka hii iachwe wazi, shamba lile liishie hapa, maziwa yabadilishwe kwa nafaka. Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na wazee wa Matadeda kwa Waorma walikuwa na kazi ya kuyalinda maafikiano hayo. Hata hivyo, anayesema kwamba zamani ilikuwa amani tupu anadanganya. Katika karne ya 19 Waorma walikuwa na nguvu juu ya Wapokomo wa vijiji kadhaa, nao Waorma wenyewe wakavunjwa na mashambulizi ya Wasomali katika miaka ya 1860. Wamasai nao walifika: Mei 1886 waliishambulia misheni ya Wamethodisti ya Golbanti, karibu na Garsen, na kumuua mmisionari John Houghton na mkewe pamoja na wenyeji kadhaa. Tofauti iko kwingine. Katika vita hivyo vya kale watu waligombea ng'ombe, malisho na ukubwa, na vita vilipokwisha mto ulirudi kuwa wa kuvukwa. Hakukuwa na mtu mwenye uwezo wa kuamuru kwamba ukingo huu ni wa hawa na ule ni wa wale, daima.

Uwezo huo ulikuja na dola za kigeni, nao ulianza kuonekana Kipini, mlangoni mwa mto. Witu, ulioko leo upande wa Lamu, ulikuwa usultani mdogo wa Ahmed bin Fumo Luti, maarufu kwa jina la Simba, mtu wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, na ulijaa watoro waliokimbia utumwa katika mashamba ya pwani. Mwaka 1885, kwa juhudi za ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, Ujerumani iliuweka chini ya ulinzi wake. Julai 1890 ikaukabidhi kwa Uingereza katika mkataba uleule ulioamua mambo ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, na watu wa Witu hawakuulizwa. Septemba mwaka huo mfanyabiashara wa mbao Mjerumani, Andreas Küntzel, aliuawa Witu pamoja na wenzake. Oktoba, Admirali Edmund Fremantle akashusha wanamaji wake Kipini, wakaenda kwa miguu hadi Witu, wakauchoma mji wa Sultani Fumo Bakari. Walirudi tena mwaka 1893 kuwaandama waliosalia msituni. Kwa kazi hiyo mabaharia walipewa nishani, na kwenye utepe wake kikabanwa kibao chembamba cha fedha chenye maneno “Witu 1890”. Kitu hicho kidogo kinatosha mhadhara mzima. Kinataja mahali na mwaka, lakini hakimtaji mtoro hata mmoja aliyekosa makao siku ile. Leo kiko katika makabati ya wakusanyaji wa ng'ambo. Kipini hiyohiyo ndiko mapokeo ya Waswahili yanakolitaja kaburi la Fumo Liyongo, shujaa ambaye Muhammad Kijumwa alimwandikia utenzi mwaka 1913. Ufuo mmoja, basi, una kumbukumbu mbili: ya shujaa iliyobaki midomoni mwa wenyeji, na ya moto iliyobaki kwenye vifua vya waliouwasha.

Baada ya moto yakaja makaratasi. Utawala wa Kiingereza ulipenda mito kwa sababu mto huonekana vizuri kwenye ramani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Tana ulitumiwa kuwatenga Wasomali wa ng'ambo ya mashariki na Waorma wa ng'ambo ya magharibi, kana kwamba ng'ombe hunywa maji kwa kufuata kabila la mwenyewe. Kusini kidogo, mto Sabaki ulifanyiwa vivyo hivyo: Wagiriama walitakiwa kuihama ardhi ya kaskazini mwa mto huo, na walipokataa, pamoja na kukataa kutoa vijana wa kazi, Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti na nyumba zikachomwa. Mekatilili wa Menza, aliyekuwa ameshapelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi na kutoroka, anakumbukwa kwa ujasiri wake, na inafaa akumbukwe. Lakini mhadhara ukiishia kwake, msikilizaji hataona kwamba chanzo kimojawapo cha vita vile kilikuwa amri ya kuhama ng'ambo. Na si watu na ardhi peke yake vilivyoondolewa. Ngadzi, ngoma kubwa ya Wapokomo ambayo mlio wake uliwaita watu kwenye ibada na kuyapa maneno ya wazee uzito, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni na kuingizwa British Museum mwaka 1908, ambako imekaa ghalani miaka na miaka bila kuonyeshwa. Ngoma si silaha. Lakini sauti yake ndiyo iliyokusanya watu, na utawala uliotaka watu wakusanyike kwa amri yake tu ulijua hasa ulichokichukua.

Vita Vikuu vya Pili viliutumia mto kwa jina lake waziwazi. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, majeshi yake yakiwa Somalia na Ethiopia, Waingereza walijivuta nyuma na kuufanya Tana kuwa safu ya ulinzi. Kutoka Garissa na Bura, mwanzoni mwa 1941, majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka kuelekea mto Juba: wanajeshi wa Afrika Kusini, wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, wa Nigeria, na wa King's African Rifles waliotoka Afrika Mashariki. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25. Hii ni sura ambayo mhadhara wa mtindo wa kawaida ungeifurahia, kwa kuwa ina mishale ya kutosha ramani nzima. Haifai kuipuuza. Vijana wa Kenya wanahitaji kujua kwamba ukombozi wa Addis Ababa ulipitia Bura. Ila msemaji makini angeongeza swali moja: jeshi likiufanya mto kuwa safu ya ulinzi, mfugaji aliyezoea kuvuka anakuwa nani? Anakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Vita viliisha, lakini tabia ya serikali kumwona mvukaji kama mshukiwa ilibaki, nayo ilikuja kuwagharimu watu wa Tana River kuanzia mwaka 1963.

Kabla ya hapo lakini kuna Hola, na Hola inahitaji kutazamwa kwa karibu kuliko mahali pengine popote mtoni. Serikali ya kikoloni iliwapeleka huko wazuiliwa wa Mau Mau iliowaita wakaidi, mamia ya kilomita kutoka kwao, ambako mto na nyika vilifanya kazi ya ukuta. Mradi wa umwagiliaji ulitaka mifereji, na mifereji ikachimbwa kwa mikono yao. Tarehe 3 Machi 1959, kwa kufuata mpango wa ofisa wa magereza John Cowan wa kuwalazimisha wakaidi kufanya kazi, askari waliwapiga kwa marungu hadi watu 11 wakafa na wengine wengi wakaumizwa vibaya. Tangazo la kwanza la serikali halikusema hivyo. Lilisema kwamba wazuiliwa walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji, gari lililotumiwa na kundi zima pamoja na walinzi wao. Msomaji alisome tangazo hilo polepole. Lina maji, kitu ambacho hakuna awezaye kukitilia shaka katika joto la Hola. Lina walinzi ndani yake, ili ionekane kwamba hatari ilikuwa ya wote. Halina rungu. Na kila sehemu yake ingeweza kuwa kweli, kwamba gari lilikuwapo na watu walikunywa, ilhali jambo zima ni uongo.

Uongo huo ulivunjwa na maiti. Uchunguzi wa kidaktari ulionyesha majeraha, uchunguzi wa hakimu ukathibitisha kwamba vifo vilitokana na kipigo, na Julai 1959 Bunge la Uingereza likajadili Hola usiku, ambapo hata Enoch Powell, mhafidhina wa chama tawala, alisimama kuilaani serikali ya chama chake. Chini ya mwaka mmoja baadaye hali ya hatari nchini Kenya iliondolewa. Lakini mafaili mengi ya kambi yalikuwa yamesafirishwa Uingereza, yakafichwa Hanslope Park, na kuwapo kwake hakukukubaliwa rasmi hadi 2011, wazee walionyanyaswa kambini walipoishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Mwaka 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hola yenyewe, leo makao makuu ya Kaunti ya Tana River, ina shule ya sekondari yenye jina la Mau Mau. Jina langoni halitoshi kumfundisha mwanafunzi namna ya kulisoma tangazo la gari la maji. Hiyo ni kazi ya mhadhara: kuweka karatasi mezani, kuisoma neno kwa neno mbele ya watu, kisha kuweka ripoti ya daktari kando yake na kuwaachia wenyewe waone nafasi iliyo katikati.

Ujuzi huo wa kusoma unahitajika zaidi kwa vita vilivyofuata, kwa sababu safari hii serikali ilikuwa yetu. Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki dhidi ya wapiganaji walioitwa shifta, waliotaka eneo hilo liungane na Somalia. Vita vilifika Tana River na Lamu. Vijiji vilivamiwa, watu wakahamishwa na kukusanywa mahali pamoja ili walindwe na pia wachungwe, na mfugaji akawa mshukiwa kwa sababu tu ya mifugo yake na ng'ambo aliyotoka. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalivimaliza vita kati ya Kenya na Somalia. Kisha, mwaka 1970, Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa yaliyotendeka kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Tana River ilitajwa kwa jina. Sheria hiyo ni kielelezo cha kimakumbusho sawasawa na nishani ya Witu: nishani ilitaja mahali ili kusifu, sheria ilitaja mahali ili kunyamazisha. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, iliyafungua tena mambo hayo. Lakini ripoti nene iliyoandikwa kwa Kiingereza haiwafikii wengi wa wale iliowahusu, na hakuna aliyeteuliwa kwenda kuwasomea.

Sasa tufike mahali ambapo msemaji yeyote Garsen angetetemeka. Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba yakafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako polisi 9 walikuwa miongoni mwa waliokufa. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Wapokomo na Waorma wote walizika, na wote walikuwa na vijana waliokwenda kuua. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Maelezo yaliyotawala magazetini yalikuwa mawili: ukabila wa tangu zamani, na siasa za uchaguzi wa 2013 uliokuwa mlangoni. La pili lina ukweli mkubwa. La kwanza ndilo hasa ambalo mhadhara wa historia unapaswa kulikabili, kwa sababu linaeleza kila kitu na kwa hiyo halielezi kitu. Kama chuki ni ya tangu zamani, kwa nini malka ziliheshimika vizazi vyote vile? Kilichobadilika ni kwamba mto uligawanywa. Ardhi ya ukingoni ilianza kupimwa na kutafutiwa hati, na pale hati inapokuja, malka ya msimu haina pa kuandikwa: ama ni shamba la mtu, ama ni njia ya kila mtu. Mashamba makubwa ya miradi yakachukua sehemu ya malisho ya kiangazi. Wanaume waliopigana 2012 walikuwa wakipigania, pamoja na mambo mengine, jawabu la swali ambalo dola lilikuwa limelilazimisha kwa zaidi ya miaka mia moja: ukingo huu ni wa nani? Kujua hivyo hakumwondolei muuaji hatia yake. Kunamwondolea mjukuu wake imani kwamba alizaliwa adui.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba mihadhara ya namna hii hutonesha vidonda. Wazee wengi wana hekima katika kunyamaza, na wanayo haki ya kuuliza: waliolala kwa kuogopana miaka kumi na kitu iliyopita mnataka wakae ukumbi mmoja mzungumzie vita? Jibu ni kwamba ukimya uliopo si ukimya wa kusahau. Kila upande unasimuliana nyumbani kwake, jioni, na kwa kuwa hakuna wa upande wa pili wa kusikiliza, hadithi inanolewa kila inaporudiwa. Mfano ulio karibu ni Lari, katika Kaunti ya Kiambu, ambako Machi 1953 watu wa kijiji kimoja waliuana, Mau Mau na walioitwa wafuasi wa serikali, na walioponea wakaendelea kuishi mpaka kwa mpaka. Miaka karibu hamsini baadaye wenyeji walianzisha makumbusho madogo ya amani ambapo watu wa pande zote mbili walikutana kusimulia. Lari haikuponywa na ukumbi. Ilichoonyesha ni kwamba masimulizi mawili yakikaa chumba kimoja, kila moja hulazimika kupunguza chumvi. Somo jingine la Lari ni la mpangilio: muda ulipita, na wenyewe ndio walioanza. Garsen isianze na Riketa. Ianze na Kipini na Hola, mahali ambapo Mpokomo na Mworma wanaweza kukaa upande mmoja wa karatasi, na ifike 2012 pale ambapo watu wameshazoea kusoma pamoja.

Pingamizi la pili hutoka kwa wasomi: kwamba ushahidi wa upande wa wenyeji ni wa mdomo, na mdomo hauaminiki, ilhali nyaraka ziko Nairobi na London. Tangazo la gari la maji linatosha kujibu nusu ya pingamizi hilo, kwa kuwa karatasi nayo ina mdomo na mdomo huo una bwana wake. Nusu ya pili inahitaji uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba masimulizi ya mdomo huchanganya miaka, huunganisha mashambulizi mawili kuwa moja, na humpa babu wa msimulizi nafasi nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Lakini pwani hii ina desturi ndefu ya kuhifadhi vita kwa sauti na kuviweka mbele ya wasikilizaji wanaoweza kukosoa. Mwengo wa Athumani wa Pate aliutunga Utenzi wa Tambuka mwaka 1728, vita vikiwa ndiyo maudhui yake. Hemedi bin Abdallah wa Tanga aliandika kwa beti kuja kwa Wajerumani mrima na upinzani uliowakabili. Tenzi hazikutungwa kukaa sandukuni. Zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na aliyejua zaidi alisahihisha. Mhadhara wa makumbusho ukifanywa vizuri ni mjukuu wa desturi hiyo: msimulizi anasema, karatasi inasema, na hadhira ina ruhusa ya kuwakatiza wote wawili.

La tatu ni pingamizi la tumbo. Kaunti yenye watu 315,943 kwa sensa ya 2019, inayopigwa na ukame mwaka huu na mafuriko mwaka ujao, itatumiaje fedha kwa historia ya vita? Matawi ya Makumbusho ya Taifa yaliyo karibu na Garsen yako Malindi na Lamu, na kuijenga makumbusho nyingine ya mawe na vioo kwenye tambarare ya mafuriko ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Lakini mhadhara hauhitaji jengo. Unahitaji ukumbi wa shule au kivuli cha mwembe, nakala za nyaraka kumi, msomi mmoja aliyejiandaa na wazee waliokubali kusikilizwa. Katiba ya 2010 inaziorodhesha makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na maktaba, kwa hiyo kaunti haiombi hisani ikiitengea bajeti ndogo. Tena historia hii ina faida kwa mambo ya tumbo yenyewe. Kamati inayokaa kuamua malka ipite wapi inafanya kazi yake gizani ikiwa haijui malka za awali zilizibwa lini, na nani, kwa amri ya nani. Hata mto wenyewe hubadilika: mwaka 1989 uliacha mkondo wake na kuukosesha maji mradi wa Hola uliochimbwa na wazuiliwa. Anayepanga maendeleo ya bonde hili bila kumbukumbu anapanga juu ya ramani iliyokwisha kuhama.

Limebaki suala la nani aseme na kwa namna gani, na hapa ndipo mihadhara mingi yenye nia njema huharibikia. Neno baraza, Tana River kama kwingineko Kenya, limeshachukuliwa na chifu: watu huketi chini, wakubwa huketi vitini, tangazo hutolewa, nao huitika. Kwa wengi, hiyo ndiyo namna serikali ilivyowaeleza vita tangu 1890, na mhadhara ukivaa sura hiyo umeshapoteza maana kabla ya neno la kwanza. Msemaji asiwe mmoja. Kiswahili kiwe lugha ya ukumbi, kwa kuwa ndicho cha wote, lakini mzee aachwe aseme Kipokomo au Kiorma anapofika mahali Kiswahili kinapomkwama, na mfasiri awepo. Wanawake wapewe nafasi yao mapema, kwa sababu katika Riketa kama katika vijiji vya wakati wa shifta, wao ndio waliokuwa nyumbani vita vilipoingia. Wamunyoyaya, Wawardei, Wagiriama, Waaweer na Wajaluo wavuvi wa delta wasichukuliwe kama wageni kwenye mada ya watu wawili. Na muda wa maswali uwe mrefu kuliko muda wa hotuba.

Wapo watakaosema kwamba haya si historia ya vita tena, ni siasa ya ardhi iliyovikwa joho la makumbusho. Ubishi huo ungekuwa na nguvu kama vita vyenyewe vingekuwa vimejitenga na ardhi. Havikujitenga hata kimoja. Tangu Juni na Julai 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa na kisha Gamba, magari ya barabara ya Garsen kwenda Lamu yalijikuta yakisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, na abiria wakishuka kuonyesha vitambulisho. Zamani magari yalivushwa hapa kwa pantoni, na siku hizi kuna daraja, lakini swali analoulizwa mvukaji, wewe ni nani na unakwenda ng'ambo kufanya nini, ni lilelile. Ikiwa siku moja pale Garsen wataketi watu wa kingo zote mbili, na kijana akainuka kuuliza ni nani wa kwanza kuamua kwamba babu yake asivuke, na mbele yake pakawepo karatasi ya kumjibu pamoja na mzee wa kuikosoa, basi mhadhara utakuwa umefanya kazi ambayo nishani, sheria na tume havikuifanya.